Visanamu Vilivyoketi

Ijumaa alasiri Fundi alikuwa nyuma ya kaunta yake, aproni imejaa vumbi la bati, akikaza skrubu chini ya vikombe vya watoto. Kazi yenyewe haina makuu. Unachukua kitako cha mbao, unapachika kikombe chenye kifuniko, juu ya kifuniko unasimamisha kisanamu cha rangi ya dhahabu kilichoweka mguu mmoja juu ya mpira, kisha unageuza kitu kizima juu chini na kukaza skrubu mpaka mkono ukatae. Visanamu huja ndani ya mfuko, vyote sura moja, pua moja, mguu uleule wa kulia. Mwisho unabandika kibati chenye jina la mtoto, na chini ya jina maneno mawili: MSHIRIKI BORA.

Wote walikuwa bora. Ndivyo ilivyoamua kamati ya ligi ya watoto tangu ule mwaka mama mmoja alipomvua Mwenyekiti miwani mbele ya watu, kisa mwanawe amerudi nyumbani mikono mitupu. Tangu hapo kila mtoto aliyeandikishwa alipata kikombe, awe ameshinda au ameburuza mkia. Wapo waliosema huko ni kudekeza, na watoto watakua wakidhani dunia nzima inawadai zawadi. Wapo waliosema mtoto ni mtoto, apewe, kikombe hakimpunguzii mtu kitu. Fundi hakuwa na upande. Mashine ya kuchonga maandishi alikuwa nayo yeye peke yake katika mtaa ule, na kazi ni kazi.

Kikombe alichokifuta mara nyingi kuliko vingine kilikuwa cha bintiye. Jina la kuandikia shule alikuwa nalo, lakini nyumbani na mtaani aliitwa Chiriku, kwa sababu aliamka akiongea na alilala katikati ya sentensi. Huu ulikuwa msimu wake wa tatu katika timu ya Radi. Vikombe vyake viwili vya nyuma vilikaa sebuleni, kwenye rafu ya juu ya televisheni, na mgeni yeyote aliyeingia alionyeshwa vikombe kwanza, kiti baadaye.

Mechi zenyewe Fundi hakuwahi kuziona. Jumamosi ndiyo siku ya watu wanaotaka mihuri, vibao vya milango na maandishi ya pete, na duka halifungwi Jumamosi. Lakini kila jioni ya siku hiyo alimuuliza mwanawe ilikuwaje, naye Chiriku alimpa mechi yote toka kipenga cha kwanza: nani alifunga, nani alianguka, kiatu cha nani kiliruka kikampiga refa kisogoni. Fundi alisikiliza huku tabasamu limemjaa uso. Huyu mtoto ana jicho la mpira, alimwambia mkewe, haachi kitu.

Mama Chiriku naye alikuwa na la kwake la kujivunia. Mama wengine walisugua jezi mpaka vidole vikachubuka, lakini jezi ya Chiriku ilirudi na mikunjo ya pasi ya Ijumaa. Aliwaambia majirani kwamba mtoto akilelewa akaleleka hagaragari chini ovyo hata akiwa uwanjani. Majirani walimwangalia, wakameza mate, wakasema hongera.

Sasa, ligi ile ilikuwa na desturi moja. Vikombe vilitolewa kabla ya mechi ya mwisho, si baada yake. Zamani walitoa baada, lakini wazazi wa timu iliyofungwa walikuwa wakila kona, na Mwenyekiti alijikuta akihutubia viti. Kwa hiyo mtoto aliitwa, akainua kikombe chake, akapigwa picha, kisha akakirudisha mezani kimsubiri mpaka mechi iishe. Hapo wazazi hawakuwa na pa kukimbilia. Mwaka huo gari la Mwenyekiti lilikuwa gereji, akamwomba Fundi avilete vikombe mwenyewe. Fundi akafunga duka Jumamosi kwa mara ya kwanza tangu alipolifungua.

Uwanja ulikuwa nyuma ya shule, majani upande mmoja, vumbi upande wa pili. Fundi alivipanga vikombe juu ya meza ndefu iliyotandikwa kitambaa cheupe, kisha akamtafuta mwanawe kwa macho. Alidhani Chiriku atamkimbilia. Chiriku alimpungia mkono tu, akavuta soksi zake juu, akawa anaangalia viatu. Fundi alijiambia ni mawazo ya mechi, wachezaji ndivyo walivyo.

Mwenyekiti alihutubia. Alisema kila mtoto ni mshindi, akalisema tena kwa waliokuwa nyuma. Watoto waliitwa, vikombe vikainuliwa, vikarudishwa. Refa akapuliza kipenga, mpira ukaanza, na pale mezani baadhi ya visanamu vikaketi.

Havikuanguka. Wanaosema vilianguka hawakuwepo. Kila kimoja kiliondoa mguu juu ya mpira, kikausukuma mpira kando, kikakunja magoti na kukaa juu ya kifuniko cha kikombe chake, taratibu, kama mtu aliyezoea. Kimoja kilikunja mikono. Kimoja kilishika tama. Cha mtoto mmoja aliyeitwa Miwani kilijilaza kabisa, mikono chini ya kichwa, kikawa kinaangalia mawingu.

Wa kwanza kuona alikuwa Mhazini, mama mmoja mtaratibu aliyepewa kulinda meza. Alimgusa Fundi bega, akamwambia kwa sauti ya kumwambia mtu kwamba kifungo chake kimefunguka, "Fundi, hivi vyako vimekaa."

Fundi alikagua skrubu. Zilikuwa zimekaza. Alichukua kisanamu kimoja akakinyoosha kwa vidole, kikanyooka kwa uzito wa mtoto anayeamshwa kwenda shule, na alipokiachia kikakaa tena. Mwenyekiti alikuja, akasema ni jua. Mzazi mmoja akasema bidhaa za siku hizi hazina uti wa mgongo. Mwenyekiti akauliza kama gundi haiwezi kusaidia, maana mpiga picha wa gazeti la shule alikuwa anakuja na kikombe kinachokaa hakipigiki picha vizuri. Fundi alikuwa na gundi mfukoni. Akapaka, akashikilia, akahesabu, akaachia. Visanamu vikakaa na gundi yao miguuni.

Ni katika kupaka gundi ndipo alipoanza kusoma vibati. Kufikia cha nne mkono wake ulisimama, kwa sababu jina lilikuwa la mwanawe.

Kisanamu cha Chiriku hakikujilaza wala kushika tama. Kilikaa kwenye ukingo kabisa wa kifuniko, mgongo umenyooka, mikono yote miwili kwenye kamba za viatu, uso umeelekea uwanjani. Fundi aliinua macho. Pale kwenye benchi la Radi, ukingoni kabisa, mwanawe alikuwa amekaa hivyohivyo.

Aliendelea kuangalia, na mechi akaisahau. Kocha alikuwa amesimama mbele ya benchi, amewapa watoto mgongo. Kila alipogeuka, Chiriku aliinama haraka, akakaza kamba za viatu, akainua uso, mkao wa mtu ambaye akiitwa tu yuko tayari. Kocha alikuwa anageuka kuchukua chupa ya maji. Alikunywa, akageukia uwanja. Hapo Chiriku alizilegeza zile kamba, ili Kocha akigeuka tena awe na kitu cha kukaza.

Ndipo zile jezi safi zilipomwingia Fundi akilini, moja baada ya nyingine, na mikunjo yake ya pasi. Na zile simulizi za Jumamosi jioni. Kumbe mtoto alikuwa anaona kila kitu kwa sababu alikuwa amekaa mahali pa kuonea. Misimu mitatu mwanangu anasugua benchi, Fundi aliwaza, na mimi ndiye ninayemchongea kibati. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto.

Alipiga moyo konde akamwendea Kocha. Huyu hakuwa mtu mbaya. Siku za kazi aliuza matairi, na Jumamosi aliwafundisha watoto bure, sauti ikamkauka kwa ajili ya watoto wa watu.

"Kocha, mwanangu ataingia saa ngapi?"

"Yupi?"

"Chiriku."

Kocha alipitisha macho kwenye benchi kama mtu anayetafuta funguo. "Ah, Chiriku! Mtoto mzuri sana yule, mzee. Mkimya."

Kocha alimweleza kwa upole kwamba Radi inaongoza bao moja, na akivuruga timu saa hizi wazazi watamla mbichi. Lakini wakipata la pili, Chiriku ataingia, hilo asiwe na wasiwasi. Radi wakapata la pili. Kocha akasema bao mbili ni mtego, uongozi wa bao mbili umewaponza wengi, ngoja lije la tatu. Badala ya la tatu likaja la wapinzani, na baada ya hapo Kocha hakutaka hata kuguswa.

Wakati wa mapumziko Mwenyekiti alimvuta Kocha mpaka mezani, kwa hoja kwamba watoto ni wa Kocha na kwa hiyo visanamu pia ni vyake kinidhamu. Kocha alipuliza kipenga. "Simameni!" akaamuru. Cha Miwani kilijigeuza upande wa pili. Kisanamu cha Chiriku kilikaza kamba haraka haraka, kikainuka nusu, kikaona Kocha anaangalia kingine, kikakaa. Kocha aliondoka akisema yeye ni kocha wa mpira, mambo ya vyombo hayamhusu.

Watu walipata nafasi ya kulinganisha. Kisanamu cha mtoto wa Mwenyekiti kilisimama wima tangu mwanzo, na mtoto mwenyewe alicheza muda wote akitembea, mara mbili akisimama kumtazama kipepeo. Lakini alikuwa uwanjani. Visanamu havikumpima mtu ufundi. Hilo lilimpa Mwenyekiti faraja kubwa, akavisema ni visanamu vyenye busara, ila tu adabu ya kukaa mbele ya wageni ndiyo havijafundishwa.

Mechi iliisha bao mbili kwa moja. Watoto wa Radi walirukiana shingoni, na Chiriku naye akakimbia akaruka nao, akapiga kelele kuliko wote. Alikuja kwa baba yake akihema.

"Baba, tumeshinda."

"Nimeona, mama."

Chiriku alichukua kikombe chake mezani, akamtazama yule mdogo wa dhahabu aliyekaa na kamba zake, wala hakushtuka.

"Vile vya nyumbani pia hukaa," alisema. "Wageni wakija ndiyo naviomba visimame. Vinanisikiliza."

"Tangu lini?"

"Tangu cha kwanza."

"Sasa mbona hukuniambia?"

Chiriku alifikiri. Alikuwa mtoto wa kujibu kabla swali halijaisha, lakini hili alilizungusha mdomoni. "Ulikuwa unafurahi sana, baba," alisema.

Fundi alimbeba mgongoni mpaka nyumbani, ingawa mtoto alishapita umri wa kubebwa na hakuwa amechoka hata kidogo. Njiani Chiriku alimsimulia mechi yote, na yeye akaisikiliza upya kama hakuwepo. Mama Chiriku alipoambiwa aliichukua jezi, akaitazama mikunjo yake, akaenda nayo chumbani akafunga mlango. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, akasema ni vumbi. Jezi ile haikuwa na vumbi.

Wiki iliyofuata kamati ilikutana darasani, watu wazima wamejibanza kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kidevuni. Ajenda ilikuwa moja: vikombe. Bibi mmoja, mlezi wa mjukuu wake, alisema haya ndiyo matunda ya kugawa zawadi kama njugu, vikombe vyenyewe vimechoka. Wapewe washindi tu, wengine wajifunze kufungwa, yeye alifungwa sana na bado yu hai. Baba mmoja akajibu kwamba mtoto asiyepewa kitu huvunjika moyo, na moyo wa mtoto hauna fundi. Mwingine akataka vikombe bila visanamu. Mwingine medali, kwa kuwa medali haina magoti. Walibishana mpaka mlinzi wa shule akaanza kuzima taa za korido. Walibishana wapewe nini, kwa nini, cha ukubwa gani na kwa maneno yapi.

Fundi alinyoosha mkono kama anayeomba ruhusa ya kutoka.

"Si mngewaingiza tu uwanjani?" alisema. "Hata kidogo."

Mwenyekiti alimshukuru kwa mchango wake mzuri, akasema hilo ni suala la kiufundi, na masuala ya kiufundi ni ya Kocha. Kocha akasema bila shaka, kila mtoto atapata nafasi yake, timu ikishatulia. Watu wakaitikia kwa vichwa, wamefarijika. Kisha Mhazini, aliyekuwa kimya muda wote, akasema kiwanda kile kile kinachotengeneza visanamu vya mpira kinatengeneza pia vya mashindano ya kuvua kwa ndoano, na vya uvuvi vinaketi tangu kiwandani. Kinachotakiwa ni kukata fimbo ya kuvulia tu. Msimu ujao Kocha aseme mapema nani na nani, wapewe vya kukaa, na hakuna mzazi atakayeshtuka. Hoja ilipita kwa makofi. Hata yule bibi alipiga.

Mfuko wa wavuvi ulifika dukani kabla ya msimu kuanza. Walikuwa na kofia za ukingo mpana, lakini kwa mbali hazikuonekana. Fundi aliutazama mfuko siku mbili bila kuufungua. Kisha akamwita mwanawe, akamwambia kwamba hakuna anayemlazimisha, wanaweza kuachana na Radi, atamtafutia kuogelea, atamtafutia riadha, huko kila mtu anakimbia.

"Siwezi, baba," Chiriku alisema. "Kocha akigeuka nisipokuwepo, ataniingizaje?"

Fundi alichukua msumeno mdogo akaanza kukata fimbo. Alikata zote. Alichonga vibati, na chini ya kila jina aliandika MSHIRIKI BORA, kwa sababu ndivyo karatasi ya kamati ilivyosema, na kwa cha Chiriku alichelewa sana.

Lakini Jumamosi alifunga duka. Wenye pete walilalamika, waliotaka mihuri wakahamia kwingine, naye akaacha walalamike. Mtu mzima haruhusiwi kukaa kwenye benchi la watoto, kwa hiyo alikaa chini kwenye majani, ubavuni mwa benchi, upande wa ukingo alikokaa Chiriku. Mtoto alimsimulia mechi ikiwa inaendelea mbele yao. Alimweleza nani anakaba vibaya, nani ana njaa, kwa nini mtoto wa Mwenyekiti akitembea kushoto ni dalili nzuri kuliko akitembea kulia. Alikuwa na jicho la mpira kweli, hapo baba mtu hakuwa ametia chumvi. Miwani, aliyekaa naye benchi moja, aliuliza kama Fundi naye amesajiliwa.

Kocha aligeuka mara kadhaa, akanywa maji. Kila alipogeuka Chiriku alikaza kamba. Mechi ya tatu Fundi alijikuta naye ameinama, ameshika kamba za viatu vyake vya kazi, roho juu, na Kocha alipogeukia uwanja, wote wawili wakazilegeza. Mechi ikaisha. Radi walishinda, au walifungwa. Timu ilikuwa bado haijatulia.

Jioni hiyo walirudi nyumbani na Chiriku akaenda kuoga, akiongea hadi maji yakamwingia mdomoni. Mama yake aliipokea jezi, akaikunja bila kuifua, akairudisha kabatini. Siku hizo hakuwaambia majirani chochote kuhusu jezi. Fundi alisimama mbele ya rafu. Vikombe vitatu vilikuwa mahali pake, visanamu vimeketi, kwa kuwa wageni walikuwa wanakaribishwa kiti kwanza sasa, na hakuna aliyeviomba visimame tena.

Kwenye kikombe cha tatu kulikuwa na badiliko dogo. Kisanamu kilikuwa kimesogea. Kilikuwa kimejibana ukingoni mwa kifuniko, kamba mkononi, uso mbele, na ubavuni mwake kimeacha nafasi ya mtu mmoja kukaa. Fundi alikishusha kikombe, akakigeuza juu chini, akachukua bisibisi akajaribu skrubu. Ilikuwa imekaza vilevile. Akakirudisha kwenye rafu, upande wenye nafasi ukielekea kiti chake, akaketi.